Mita moja au mbili, bomba au kisima: kuchagua umeme na maji ya nyumba na biashara Dar es Salaam

Mtu anayejenga Mbagala, Goba au Kibaha na kuacha fremu mbili mbele ya nyumba huwa na maswali mawili kwa mafundi wake. Nivute umeme mita moja au mbili? Nichimbe kisima au nisubiri bomba? Majibu anayopewa huwa ya jumla mno. Mmoja atamwambia kisima ni uhuru, mwingine atamwambia umeme wa nyumbani ni rahisi, aunganishe kila kitu humo humo. Ushauri huo unamfaa mtu fulani na kumtia hasara mwenzake wa nyumba ya pili, kwa sababu matumizi yao ya mwezi hayafanani. Kwa hiyo ulinganisho wote humu umepigwa kwa uniti: ya umeme ni kilowati moja kwa saa moja, ya maji ni lita 1,000. Umeme ni wa TANESCO, maji ya bomba ni ya DAWASA, na anayepanga bei za wote wawili ni EWURA.

D1 na T1

Viwango vya umeme ninavyotumia ni vile vilivyoanza Aprili 2016. Mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka afikishe uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 kwa kila uniti, ya kwanza hadi ya mwisho. Juu yake inaongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Ndiyo maana elfu kumi ya T1 inakupa uniti 28, na mwenzako wa D1 anapata uniti zake zote 75 kwa 9,150.

Wengi huita T1 "umeme wa biashara". Humo wamo wenye maduka, saluni, mashine ndogo na taa za barabarani, lakini zimo pia nyumba za kawaida zenye friji kubwa na hita ya kuogea. D1 inategemea matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi mara kwa mara, unahamishwa.

Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Tuzipime. Taa sita za LED za wati 9 zikiwaka saa tano zinakula robo ya uniti. Televisheni ya wati 80 kwa saa sita ni karibu nusu uniti, feni moja usiku kucha karibu nusu nyingine. Friji dogo la nyumbani ni uniti moja hivi, zaidi kidogo kukiwa na joto la Februari. Hapo umeshakaribia mwisho na hujapiga pasi. Nyumba ya namna hii inaweza kubaki D1 ikiwa na nidhamu. Haiwezi kubaki ikiongezwa kitu chochote cha kuzalisha joto kila siku, iwe jiko la umeme, hita au birika linalochemshwa asubuhi na jioni.

Sasa weka friji la soda barazani. Friji la kioo linalofunguliwa na wateja mchana kutwa linakula uniti mbili kwa siku bila shida, yaani 60 kwa mwezi. Nyumba ilikuwa na 70, jumla imekuwa 130. Mwezi wa kwanza ukiwa bado D1 utalipa 9,150 za uniti 75, na uniti 55 zilizobaki kwa shilingi 427 kila moja pamoja na kodi: jumla kama 32,600. Ukihamishiwa T1, uniti zote 130 zinakuwa za shilingi 356 na unalipa kama 46,300. Ukitenganisha mita, nyumba inabaki na uniti 70 za D1 kwa 8,540, na fremu inalipa uniti 60 za T1 kwa takriban 21,400. Jumla haifiki elfu thelathini.

Tofauti ya mita moja iliyohamishiwa T1 na mita mbili ni zaidi ya shilingi elfu kumi na sita kila mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ada iliyowekwa Januari 2022 ni shilingi 320,960. Gawanya: mita ya pili inajilipa kwa miezi ishirini hivi, na kuanzia hapo ni faida kila mwezi. Kama nguzo iko mbali na unalipishwa nguzo ya pili, hesabu inabadilika na pengine haifai. Kwa fremu iliyo kando ya barabara, ambako nguzo ipo mlangoni, sioni sababu ya kuchanganya nyumba na biashara kwenye mita moja. Hata mwenye duka anafaidika, maana anajua umeme wa biashara yake ni shilingi ngapi na anaupanga kwenye bei ya soda.

Nyumba za kupanga ziko katika hali hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi. Vyumba vinne vyenye matumizi ya uniti 40 kila kimoja vikichangia LUKU moja (mita ya kulipia kabla) vinafika 160, na kwa T1 ni kama shilingi 57,000 kwa mwezi. Kila mpangaji akiwa na mita yake na akakubaliwa D1, kila mmoja atalipa 4,880, jumla 19,520. Ndiyo maana ugomvi wa "zamu yako kununua umeme" hauishi kwenye nyumba hizo: watu wenye matumizi ya maskini wanalipa bei ya mwenye kiyoyozi. Mita ndogo ya ndani ambayo mwenye nyumba huifunga mwenyewe inaonyesha nani katumia kiasi gani, lakini haimrudishi mtu kwenye shilingi 100, kwa kuwa TANESCO inaiona mita kuu tu. Mwenye nyumba anayewajali wapangaji wake atajenga ada ya mita kwenye mpango wa nyumba tangu msingi.

Kodi ya majengo nayo inakatwa kwenye LUKU. Tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Anayedaiwa kisheria ni mwenye jengo, hivyo mpangaji anayeona makato hayo kwenye tokeni yake ana haki ya kuyahesabu kwenye kodi ya pango. Na ukiwa na mita mbili kwenye jengo moja, hakikisha hukatwi kwenye zote mbili. Ukikatwa, nenda TRA na namba za mita zote.

Mashine, T1 na T2

Kuvuta umeme wa njia tatu hakukutoi T1. Kinu cha kusaga, karakana ya kuchomelea na bucha yenye chumba cha baridi wanaweza kuwa na njia tatu na bado wakalipa 292. T2 inamhusu anayezidi wastani wa uniti 7,500 kwa mwezi, na huko hesabu inabadilika sura: uniti ni 195, kuna ada ya huduma 14,233, na kuna malipo ya kilele, shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo unaovutwa kwa wakati mmoja) ya juu kabisa uliyofikia mwezi huo.

Kiwanda kidogo cha barafu au cha maji ya chupa kinachotumia uniti 8,000 kingelipa 2,336,000 kwa bei ya T1, kabla ya kodi. Kwa T2 chenye kilele cha kVA 40 kinalipa kama 2,174,000. Kikiwa na kilele cha kVA 60, kwa uniti zile zile 8,000, kinalipa kama 2,474,000. Laki tatu zimetokana na namna mashine zilivyowashwa, barafu ni ile ile.

Hapa ndipo wenye viwanda vidogo wanapoumia bila kujua. Umeme ukirudi baada ya kukatika, kompresa zote, pampu na mashine ya kufungashia huwashwa kwa pamoja kwa haraka ya kufidia muda, na kilele cha dakika chache hizo ndicho kinacholipiwa mwezi mzima. Mpe msimamizi wa zamu utaratibu ulioandikwa: kompresa ya kwanza, subiri, ya pili, subiri, kisha pampu. Halafu mwite fundi apime mota zako. Mzigo wa kilowati 40 wenye kipeo cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha 0.8 unasomeka kVA 50. Ukifungiwa kapasita na kufika 0.95 unasomeka 42. Hizo kVA nane ni kama laki moja na ishirini kila mwezi, na kapasita unanunua mara moja.

Aliyesajiliwa VAT akumbuke kudai kodi ya manunuzi. Kwake uniti ya T1 ni kama shilingi 304, na ulinganisho wake na sola au jenereta uanzie hapo.

Viwanda vinavyopokea umeme wa kilovolti 11 au 33 viko T3, uniti 157, lakini huko unahitaji transfoma yako na mhandisi wako. Anayefika huko hasomi makala ya kuchagua.

Maji: bomba, kisima, boza na ndoo

Kwenye maji tuchukue uniti ya bomba kuwa shilingi 2,000 ili hesabu iwe nyepesi. Chukua bili yako, gawa shilingi kwa uniti, uweke namba yako mwenyewe. Ikitoka chini ya hapo, bomba linazidi kushinda. Bei za boza na ndoo hupanda na kushuka kwa mtaa na kwa msimu, kwa hiyo nazo weka za kwako.

| Chanzo | Unacholipa | Uniti moja (lita 1,000) |
|---|---|---|
| Bomba | bili ya mwezi | 2,000 |
| Ndoo ya lita 20 kwa 50 | ndoo 50 | 2,500 |
| Ndoo ya lita 20 kwa 100 | ndoo 50 | 5,000 |
| Boza la lita 10,000 kwa 120,000 | mara moja | 12,000 |
| Kisima cha milioni 8, uniti 30 kwa mwezi | miaka 10 | takriban 2,400 |
| Kisima cha milioni 8, uniti 150 kwa mwezi | miaka 10 | takriban 600 |

Mstari wa kisima unahitaji maelezo. Umeme wa kupandisha maji ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kuvuta lita 1,000 kutoka mita 60 kwenda juu, kwa pampu ya kawaida inayopoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, ni chini ya nusu uniti ya umeme, yaani kama shilingi 150 kwa T1. Kinachokula pesa ni kuchimba, mabomba, pampu na mnara wa tangi. Gharama hiyo ukiigawa kwa familia ya uniti 30 kwa mwezi, kisima ni ghali kuliko bomba hata kabla pampu haijaungua mara ya kwanza. Ukiigawa kwa sehemu ya kuoshea magari, nyumba ya wageni au kiwanda cha matofali kinachotumia uniti 150, bomba halikifikii kisima.

Kwa hiyo nyumba ya kuishi iliyopitiwa na bomba la DAWASA isichimbe kisima kwa ajili ya kuokoa bili. Ichimbe kama bomba halijafika kabisa, na hapo hesabu ilinganishwe na boza. Familia inayonunua uniti 15 kwa mwezi kwa boza inalipa 180,000, na kwa mwendo huo milioni nane zinarudi ndani ya miaka minne. Majirani wawili au watatu wakichimba kimoja kwa makubaliano ya maandishi, zinarudi mapema zaidi.

Halafu kuna chumvi. Ukanda wa pwani yetu, kuanzia Kigamboni hadi Mbezi Beach na kwingineko, visima vingi vina maji ya chumvi, na kadiri watu wanavyovuta ndivyo maji ya bahari yanavyosogea ndani. Kisima kilichokuwa na maji matamu mwaka kilipochimbwa kinaweza kubadilika, hasa mwishoni mwa kiangazi. Muulize jirani mwenye kisima, na uyaonje maji yake mwezi wa Oktoba badala ya Mei. Kwa kuoshea magari, maji ya chumvi yanaacha alama: gari jeusi likikauka juani utaona vijiduara vyeupe boneti nzima, na mteja harudi. Saluni itamaliza shampuu mara mbili. Hita ya kuogea inaota magamba ndani na kuungua. Na anayejenga asichanganyie zege maji hayo, kwa sababu chumvi inakula nondo ndani ya nguzo bila mtu kuona mpaka zege lianze kupasuka.

Mitaa iliyobanana kuna hatari nyingine, ya vyoo vya shimo vilivyo karibu na visima vifupi. Maji hayo yanaweza kuwa angavu na matamu na bado yakaleta kuhara au kipindupindu. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji kabla hujayanywa au kuyapikia wateja, na usitosheke na maneno ya mchimbaji. Kuchimba kwa mashine kunahitaji pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu; mchimbaji anayekwambia hakihitajiki anakuachia wewe kesi.

Bomba nalo lina udhaifu wake, na si wa bei. Maji mengi ya Dar yanatoka mto mmoja, Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 196 na milioni 270 kwa siku. Vuli ilipochelewa mwaka 2022, mto ulishuka na jiji likaingia kwenye mgao. Visima virefu vya Kigamboni vilizinduliwa Novemba mwaka huo, na Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro linajengwa ili kuhifadhi maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Mpaka likamilike, anayetegemea bomba awe na tangi linalolingana na matumizi yake. Familia ya watu watano wanaotumia lita 80 kila mmoja inahitaji lita 400 kwa siku, hivyo tangi la lita 2,000 ni siku tano. Mgahawa unaotumia lita 1,500 kwa siku hauko salama na tangi hilo. Uanze na la 5,000. Tangi hilo, pamoja na bomba, linabaki rahisi mno kuliko kisima.

Kabla hujalalamika kuwa bili ya maji imebambikwa, funga mabomba yote ya nyumba usiku, kisha mulika mita kwa tochi. Katikati ya kioo kuna kigurudumu kidogo chenye meno. Kikizunguka, hata polepole, maji yanakwenda mahali. Mara nyingi ni choo cha kuflashi, valvu imechoka na maji yanatiririka kimyakimya kwenye bakuli. Lita moja kila dakika mbili inaonekana si kitu, lakini ni lita 720 kwa siku na zaidi ya uniti 21 kwa mwezi, yaani elfu arobaini na kitu. Valvu mpya ni pesa ndogo sana mbele ya hizo. Kigurudumu kikisimama kabisa na bili bado ni kubwa, hapo una haki ya kwenda ofisini na picha za mita za siku mbili tofauti.

Umeme ukikatika: jenereta, betri au sola

Bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye mashine tisa za megawati 235 na jumla ya 2,115, limebadilisha hali tangu mashine ya kwanza ilipoanza kuzalisha mwanzoni mwa 2024. Mgao wa ratiba kama ule wa mwishoni mwa 2023 umepisha kukatika kwa namna nyingine: nguzo, waya, transfoma ya mtaa iliyozidiwa. Kwa mwenye biashara tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa sasa anajikinga na saa chache za ghafla kuliko nusu siku ya kila siku.

Jenereta dogo la petroli linakunywa nusu lita au zaidi kwa kila uniti, na likiwa na mzigo mdogo linakunywa zaidi ya hapo. Petroli ikiwa shilingi 3,000, uniti moja haipungui 1,500, mara nne ya T1. Linafaa kitu kimoja: mzigo mkubwa kwa muda mfupi unaotokea mara chache. Bucha yenye nyama ya laki kadhaa ndani ya friji ilinunue. Duka la vipodozi lisilinunue. Taa, simu, mashine ya risiti na feni moja vinabebwa na inveta na betri kwa saa kadhaa bila kelele wala moshi. Ukichagua betri za maji, usizishushe chini ya nusu kila siku, zitakufa mapema. Za lithiamu ni ghali mwanzoni lakini zinavumilia kushushwa zaidi na kudumu miaka mingi zaidi.

Paneli za kilowati moja hapa Dar zinatoa wastani wa uniti nne kwa siku. Kwa mteja wa T1 anayezitumia zote mchana, kama saluni, ofisi au fundi cherehani, ni akiba ya karibu elfu arobaini na tatu kwa mwezi, na paneli bila betri nyingi zinarudisha pesa yake. Kwa nyumba ya D1 uniti hizo hizo zina thamani ya elfu kumi na nne na ushee, tena mchana watu hawapo. Muuzaji wa sola hatakwambia hivyo, lakini nyumba ya uniti 60 kwa mwezi haina cha kuokoa. Iweke betri ndogo ya taa na redio, na pesa iliyobaki inunue tangi la maji.

Saluni ya T1 yenye drayeri tatu iko katikati. Drayeri moja ni wati 1,000 au zaidi, na zote zikiwaka pamoja zinamaliza betri ya kawaida kwa muda mfupi sana. Hapo fungia sola kwa ajili ya mchana wa kawaida, betri kwa ajili ya taa na mashine ya kunyolea, na umeme ukikatika wateja wa drayeri wasogezwe mbele saa moja. Wengi watakubali ukiwapigia simu mapema.